Mkono wa Pili wa Ma Kemilembe

Nawaandikia ninyi wawili mnaopokea funguo za chumba cha kompyuta. Nina miaka thelathini na minne, na nimestaafu. Mhasibu wa chuo alipoliona neno hilo kwenye barua yangu alilizungushia kalamu nyekundu, akaniambia mtu wa umri wangu huacha kazi, hastaafu. Nilimuuliza tofauti ni ipi. Akasema mstaafu hufanyiwa sherehe. Basi sherehe sikuipata, lakini neno nimebaki nalo. Narudi Kagoma kwenye kibanja cha mama yangu, kwenye migomba na kahawa, na sina nia ya kuketi tena mbele ya mashine ya mtu mwingine na kuulizwa kwa nini haiwaki.

Mambo ya vyeo siyaandiki. Hayakuwa mengi, na yaliyokuwapo hayakunifundisha kitu. Nawaachia lile moja lililonifundisha, pamoja na kosa langu, kwa kuwa najua mtasikia habari zake kwa wengine na mtasimuliwa vibaya.

Siku ya kwanza nilifika Kahororo, hapa Bukoba, nikiwa na cheti cha chuo kikuu ndani ya bahasha ya plastiki na maoni juu ya kila kitu. Chuo chetu ni cha ufundi, cha kanisa la Kilutheri, nami nimezaliwa katika nyumba ya Wakatoliki. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niulize maswali kwenye ibada ya asubuhi. Fundi wa kompyuta alikuwa Ishengoma, tuliyemwita Ta Ishengoma kama wakubwa wanavyoitwa huku kwetu. Alikuwa amepita hamsini na alianza maisha akitengeneza redio. Hakuiomba ile bahasha. Alinipa brashi na blowa, akanionyesha mashine zilizopangwa ukutani, akasema nianze na vumbi.

Nilimuuliza kwa nini mtu mwenye shahada apulize vumbi. Akasema vumbi halitajua kama nina shahada.

Saa nne alifungua kipande cha jani kavu la mgomba, ndani yake mkiwa na punje za kahawa za kutafuna, akanigawia. Ndipo aliponieleza namna chumba kile kilivyofanya kazi. Mashine za wanafunzi zilikuwa kuukuu, zawadi ya usharika fulani wa ng'ambo, na hakuna hata moja iliyoweza kuendesha programu ya maana peke yake. Chini ya meza yake kulikuwa na mashine moja yenye nguvu. Programu zote ziliendeshwa humo, na mashine za ukutani zilionyesha picha tu, kama madirisha mengi ya nyumba moja. Zote zilitumia Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, na kilichowezesha mashine moja kuonyesha kazi zake kwenye skrini za wenzake ni sehemu ya mfumo huo inayoitwa X.

Nitalieleza hili mara moja tu. Katika kompyuta, programu haichori yenyewe kwenye skrini. Kuna msimamizi katikati. Yeye ndiye anayeamua dirisha gani likae wapi, na ukibonyeza herufi kwenye kibodi, yeye ndiye anayeipokea na kuipeleka inakotakiwa. Msimamizi wa zamani ni X, aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Msimamizi mpya anaitwa Wayland. Wapenzi wa Linux duniani kote wamegombana kuhusu hao wawili kwa miaka mingi kuliko miaka yangu ya kazi, na ugomvi huo ulifika Bukoba ukiwa na nguvu zake zote.

Siku ile ile ya kwanza Ta Ishengoma alinipeleka ofisini kwa katibu muhtasi wa Mkuu wa Chuo, akanipa kiti pembeni yake na kuniagiza nitazame kwa saa nzima bila kusema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ngumu kuliko zote mwaka ule. Katibu muhtasi alikuwa Ma Kemilembe, mama mwenye sauti ya kwaya na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Miaka michache kabla ya mimi kufika alipatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kulia haukurudi. Aliuweka mapajani kama mfuko wa mtu aliyemwomba amshikie.

Alichapa kwa mkono wa kushoto peke yake, na bado alikuwa na kasi kunishinda. Aliandika herufi tatu, na kichwa kizima cha barua kikatokea: jina la chuo, anwani, Kumb. Na. Akaandika nyingine mbili, ikaja YAH na mstari wake. Kibonye kimoja kilihifadhi, kingine kilituma kwenye printa, kingine kilisogeza kishale cha kipanya mpaka kwenye kitufe na kukibofya. Ilikuwa programu ndogo ambayo Ta Ishengoma alimwandikia aliporudi kutoka hospitalini. Ilisikiliza kila alichobonyeza, na ilipotambua kifupisho, yenyewe ilibonyeza vibonye vilivyobaki kwa niaba yake. Waliiita mkono wa pili.

Niliporudi chumbani nilimwambia Ta Ishengoma kwamba ni kazi nzuri, lakini kama programu moja inaweza kusikiliza kila kinachochapwa kwenye programu nyingine zote, na hata kubonyeza vibonye kama vile ni mwenye mashine, basi mfumo mzima una tundu. Alicheka kidogo akasema saa moja ya kunyamaza imenizidishia maneno.

Sikunyamaza tena. Miaka ile ndipo Wayland ilipoanza kuja tayari ndani ya kila Linux mpya, na tulikuwa na grupu letu kwenye simu, la watu wa Linux wa Bukoba na Muleba. Wengi walikuwa walimu, mafundi na wanafunzi waliomaliza vyuo. Kuna wiki ambazo grupu lile halikuzungumza kitu kingine. Muganyizi, mwenye duka la kutengeneza kompyuta Miembeni, alikuwa shabiki wa X na alikuwa na ulimi. Mtu akiandika kwamba X ni maiti, yeye humjibu kwamba maiti huyo ndiye aliyemchapia cheti cha kuzaliwa. Mtu akisifu usalama wa Wayland, yeye huuliza kama tayari inaweza kumwonyesha mwenzake skrini kwenye mkutano, maana mwanzoni jambo hilo lilisumbua wengi. Mimi nilikuwa upande wa Wayland, na niliandika aya ndefu zenye ushahidi. Muganyizi alinibandika jina la Askofu.

Ta Ishengoma hakuandika kitu kwenye grupu. Alisoma tu, na asubuhi tulipokutana alinijibu ana kwa ana. Yeye alikulia ndani ya mushonge, ile nyumba ya mviringo ya wazee wetu ambamo watu, ndama na moto wa kupikia vilikaa chini ya paa moja. Nilimwambia X ni mushonge: kila mmoja anamsikia kila mmoja, na akiingia mwizi amesikia yote. Wayland ni nyumba ya vyumba, kila programu na mlango wake, na anayetaka kitu cha mwenzake hubisha hodi. Nilidhani nimemshinda. Alitafuna kahawa yake mpaka mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Lakini katika mushonge, mwana wange, mgonjwa hakuwahi kulia asisikike."

Nililichukulia hilo kuwa jibu la mzee.

Mwaka uliofuata nilipata nilichokuwa nikikitafuta. Mwalimu mmoja wa umeme alilalamika kwamba maksi alizoingiza zimebadilika. Tulichunguza siku mbili. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameacha programu ndogo ikiendelea kwenye mashine ya ukutani, isiyoonekana popote kwenye skrini, na mwalimu alipoketi pale na kuandika neno lake la siri, programu ile iliandika kila herufi. Mistari yake haikujaza ukurasa. Kijana hakuwa hata hodari, aliinakili mahali. Nilichapisha mistari ile kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza ya Ta Ishengoma, jambo ambalo sasa naliona aibu.

Yeye aliitazama, akasema kosa la kwanza ni letu. Katika chumba kile walimu na wanafunzi wote walikuwa wakiingia kwa jina moja, kwa sababu ilikuwa rahisi. Ukiwapa watu wote ufunguo mmoja, alisema, usiilaumu nyumba. Alikuwa sahihi kwa nusu, nami kwa nusu, na kila mmoja wetu aliitetea nusu yake mpaka mzee alipostaafu. Yeye alistaafu kweli, kwa umri na kwa sherehe, akarudi kwake Kagoma. Nyumbani kwake na kwa mama yangu si mbali. Niliachiwa chumba.

Usharika ule wa ng'ambo ulituletea mashine nyingine, hizi zikiwa na uwezo wa kujiendesha kila moja peke yake. Sababu kubwa ya kubaki na X ikawa imeondoka. Nilisubiri likizo ya wanafunzi, nikafuta kila mashine ya Kahororo na kuweka Linux mpya yenye Wayland, kila mtu na jina lake na neno lake la siri. Nilifanya kazi safi. Nilijaribu kila programu, kila printa, kila skrini. Mwishoni nikafanya na mashine ya Ma Kemilembe, aliyekuwa likizo naye. Faili zake zote nilizihifadhi, pamoja na ile programu ya Ta Ishengoma. Niliifungua, haikulalamika, nikaendelea na mengine.

Hilo ndilo kosa langu, na nataka mlione vizuri. Niliijaribu mashine. Sikumjaribu mtu. Programu ile haikulalamika kwa sababu haikuwa na la kulalamikia: ilikaa mlangoni pa nyumba mpya ikisubiri kusikia, na katika nyumba ya vyumba hakuna sauti inayofika mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikilihubiri jambo hilo kwenye grupu. Nililijua kama mtu anavyojua katekisimu.

Jumatatu ya kufungua chuo Ma Kemilembe aliniita. Hakupaza sauti. Alisema, "Asimwe, njoo unionyeshe umeniwekea wapi mkono wangu."

Nilipofika, kwenye skrini kulikuwa na herufi tatu peke yake, zikisubiri kichwa cha barua ambacho hakikuja.

Nilimwambia nitarekebisha kabla ya mchana. Mchana nilimwambia jioni. Kufikia Jumatano alikuwa akichapa herufi moja moja kwa mkono wa kushoto, akitafuta kipanya, akirudi kwenye kibodi, na barua ya ukurasa mmoja ilimchukua asubuhi yote. Mkuu wa Chuo alianza kupeleka barua za kawaida zikachapwe dukani kwa Muganyizi. Za siri alizirundika mezani kwake. Kwenye kikao cha bodi kulikuwa na mjumbe aliyekuwa akiuliza tangu zamani kwa nini ofisi ya Mkuu ina katibu wa mkono mmoja, na Mkuu, ambaye si mtu mbaya, alikuwa na jibu moja tu, kwamba kazi inatoka. Wiki ile kazi haikutoka. Alimwita Ma Kemilembe akamwambia kwa upole kwamba kama mambo hayatakaa sawa kufikia mwisho wa mwezi, itabidi waangalie afya yake. Mama yule alikuwa amebakiza miaka mingi kufikia umri wa kustaafu, na alikuwa mjane anayelea wajukuu wawili. Yote hayo aliniambia mwenyewe, kama anayesoma muhtasari wa kikao cha watu wengine.

Niliandika kwenye grupu. Sikueleza ni kosa la nani, walijua. Nusu ya majibu ilisema ndiyo maana wao hawajahama X. Nusu nyingine ilisema Wayland haina kosa, programu ya mzee ndiyo mbovu. Mmoja aliniletea insha. Muganyizi aliandika, "Askofu, si ulimzika X mwenyewe? Chukua jembe ukamfukue." Watu walicheka sana kwenye grupu siku ile. Hakuna aliyeuliza mama huyo anachapa nini.

Jumamosi nilikwenda Kagoma. Ta Ishengoma alikuwa kibanjani akiondoa majani makavu ya migomba, na hakuacha kazi nilipoanza kueleza. Nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa. Ingekuwa haki yake. Alichosema ni kwamba nimrudishie Ma Kemilembe X kwenye mashine yake peke yake, kazi ya saa mbili, na mambo yaishe.

Hilo nilikwishalifikiria, na halikunipa usingizi. Nilimwambia barua anazochapa ni zipi: kusimamishwa kwa walimu, magonjwa ya watumishi, kesi za wanafunzi wa kike. Siku hizi hupokea faili kutoka kwa kila mtu kwa barua pepe na kuzifungua zote. Moja tu ikiwa mbaya, inakaa ndani inasikiliza. Na atakayeituma si lazima awe kama yule mwanafunzi wetu asiyejua kitu.

Hapo alisimama. Alisema hilo alilijua tangu siku alipoandika ile programu. Alijua anamfungulia tundu ili apitishe mkono, na aliomba Mungu asipite mwingine. Sikumtegemea kulisema hilo.

"Mwenyewe anasemaje?" aliniuliza.

Nikasema sijamuuliza.

"Hata mimi sikumuuliza," alisema, akaokota panga lake.

Jumatatu alikuja Bukoba akiwa amevaa koti lake la harusi za watu. Tuliketi wote wawili mbele ya Ma Kemilembe tukaanza kumweleza, na baada ya muda mfupi tulikuwa tukibishana wenyewe kwa wenyewe, yeye na X yake, mimi na Wayland yangu, maneno yale yale ya asubuhi za zamani. Alitusikiliza kama anavyosikiliza sauti ya pili ikipotea kwenye kwaya.

"Waitu, jamani," alisema, "mnaugombania mkono wangu kama vile nimeuacha nyumbani. Nionyesheni hiyo hatari. Kwa macho."

Nilichukua kompyuta ya mkononi ya zamani iliyokuwa bado na X, nikafungua ile programu ya mwanafunzi, nikamwambia achape chochote. Alichapa jina la mtumishi fulani na ugonjwa wake, barua aliyoitoa mwezi uliopita. Nikafungua faili jingine, nikamwonyesha. Herufi zote zilikuwapo, hata zile alizokosea na kufuta.

Alizisoma mpaka mwisho. Halafu alivua miwani ikaning'inia kwenye kamba. Alimwambia Ta Ishengoma kwamba anamshukuru kwa miaka yote ile, na kwamba angemwambia mapema angeshukuru zaidi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mimi ni katibu muhtasi. Siri za watu si zangu nizitolee rehani kwa ajili ya mkono," alisema. "Baki na hiyo nyumba yako ya vyumba. Lakini una siku kumi na moja, na utanitafutia mlango."

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliotaka kueleza faragha ni nini. Sijaona aliyeieleza hivyo.

Ta Ishengoma hakurudi Kagoma wiki ile. Alilala kwa binti yake, na kila asubuhi alikuwa mlangoni kabla yangu. Wazo la mlango lilikuwa lake, na lilitoka kwenye redio: ukitaka kusikia stesheni moja, alisema, usipanue masikio, tafuta antena yake peke yake. Tungempa Ma Kemilembe kibodi ya pili, ndogo, ya namba tupu. Programu mpya ingesikiliza kibodi ile peke yake, chini kabisa, pale waya unapoingia kwenye mashine, kabla hata msimamizi wa skrini hajahusika. Ile kibodi kubwa isingeisikia kamwe. Na ikisema, ingesema kwa kujifanya kibodi ya tatu, hivyo Wayland ingepokea herufi zake kama za mtu aliyeketi hapo.

Nilitafuta kasoro, ndiyo kazi yangu. Kasoro ipo: programu inayoruhusiwa kujifanya kibodi inaweza kuchapa lolote kwa jina la Ma Kemilembe. Tuliigombania siku nzima. Mwishoni tuliipa ruhusa programu ile moja na mtumiaji yule mmoja, tukaandika hilo kwenye daftari mtakalolikuta kwenye droo. Si nyumba isiyo na tundu. Ni tundu tunalojua lilipo na ukubwa wake.

Kibodi ya namba nilikwenda kuitafuta Miembeni. Muganyizi alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia nyuma, akatoka nayo ikiwa na vumbi, akaifuta kwa shati lake. Aliniambia nisiseme kwenye grupu kwamba ametusaidia.

Siku ya kwanza ya kuijaribu, YAH ilitoka YH, na Kumb. Na. ilitoka kama jina la mtu wa nchi nyingine. Programu ilikuwa ikibonyeza upesi mno, herufi zikadondoka njiani. Tuliiwekea pumzi fupi kati ya herufi na herufi, na zikaacha kudondoka. Mtakapohamia mashine yenye kasi nyingine, anzeni kuangalia hapo.

Nilidhani ugumu utakuwa kwake. Vifupisho vya herufi alivizoea kwa miaka, na sasa kila kitu kingekuwa namba. Nilimtengenezea orodha nzuri, moja mpaka arobaini, nikaibandika ukutani. Aliibandua. Alisema namba hizo hazina maana yoyote, hawezi kukariri namba zisizo na maana. Akafungua mkoba akatoa kitabu cha nyimbo cha kanisani. Yeye amekuwa kwenye kwaya tangu usichana, na Mlutheri wa namna hiyo humuulizi wimbo kwa jina. Ukimtajia namba, anaanza kuimba. Kichwa cha barua alikipa namba ya wimbo wa kufungulia ibada. Mwaliko wa kikao ulipata namba ya wimbo wa kuitana. Barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa kujibu ilipata wimbo wa toba, na maneno wako mtiifu, pamoja na nafasi ya saini, vilipata wimbo wa jioni. Baada ya siku tatu hakuangalia tena kibodi. Nilikuwa na maoni juu ya dini kwa muda mrefu, na bado ninayo, lakini siku ile niliyaweka kando.

Ilifika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Asubuhi Mkuu alikuja na rundo la rasimu alizoandika kwa mkono, zile za siri zilizokuwa zimekaa mezani kwake wiki zote zile, akaliweka kwenye trei ya Ma Kemilembe kama alivyofanya siku zote, bila kulipekua, akaondoka kwenda Muleba kwenye kikao. Ofisi ile ina desturi moja: kilicho kwenye trei huchapwa, kinawekwa kwenye jalada la kusaini, na Mkuu husaini akirudi. Nilikuwa nimeketi pembeni kuangalia kama programu itastahimili siku nzima.

Ilistahimili. Alichapa barua baada ya barua, mkono wa kushoto ukivuka kutoka kibodi kubwa kwenda ndogo na kurudi. Kabla ya mchana alichukua rasimu nyingine, akaisoma, akaacha kuchapa. Nilidhani programu imekwama, nikainuka. Alichukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya karatasi.

"Kaa," alisema. "Hii si ya macho yako."

Nikakaa. Lakini skrini ilikuwa mbele yangu, kwa hiyo sidai kwamba sikuona. Alibonyeza namba ya wimbo wa kufungulia, kikaja kichwa. Akaweka YAH. Kisha jina lake mwenyewe, na maneno kustaafishwa kwa sababu za afya. Ilikuwa rasimu ya wiki ile mbaya, Mkuu aliiandika akaisahau katikati ya zile nyingine. Alichapa aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakukosea herufi. Akamaliza kwa wimbo wa jioni, akachapisha, akaiandika kwenye rejista ya barua, akaiweka kwenye jalada mahali pake, akachukua rasimu iliyofuata.

Mkuu alirudi saa tisa. Alisimama mezani kwa Ma Kemilembe, akafungua jalada na kuanza kusaini, akitusimulia habari za kikao. Alisaini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaacha kusimulia.

Alisoma ukurasa wote, polepole. Akatazama tarehe ya leo juu yake. Akatazama ile kibodi ndogo ya namba. Halafu akaipita, akasaini zilizobaki, akamrudishia jalada. Ma Kemilembe alilipekua kama anavyofanya kila siku, ukurasa kwa ukurasa.

"Mkuu, hii moja hujaisaini."

"Ina kosa."

"Liko wapi, nirekebishe?" Mkono wake ulikuwa tayari juu ya vibonye.

"Aya ya pili," Mkuu alisema. "Pale inaposema huwezi tena kuchapa."

Alivaa miwani akaisoma ile aya tangu mwanzo, kama anayesahihisha kazi ya mtu mwingine. Akasema ni kweli, kosa lipo, na aya hiyo ikitoka barua haibaki na kitu. Mkuu akamwambia aichane. Alikataa. Alisema imeshapewa kumbukumbu namba kwenye rejista, na barua yenye namba haichanwi. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika pembeni, Haikutumwa, akaitia kwenye jalada lake.